Kijiji Kisicho na Mfalme

Mwaka 1976, katika bonde la Zapotitán nchini El Salvador, tingatinga lilikuwa likisawazisha ardhi ili yajengwe maghala ya nafaka. Lilipochimba ubavu wa mwinuko mdogo, likakata pia ukuta na sakafu ya nyumba ya udongo iliyokuwa imefukiwa chini ya mita kadhaa za majivu ya volkano. Mtaalamu wa makumbusho aliitwa aje kuangalia. Alipoona udongo uliosilibwa vizuri na mabaki ya paa la nyasi, alihitimisha kwamba nyumba hiyo ni ya juzijuzi tu, kwa kuwa nyasi na udongo havidumu karne nyingi katika nchi ya joto na mvua. Kazi ikaendelea, na majengo mengine yakasagwa na mashine. Miaka miwili baadaye Payson Sheets, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Colorado cha Marekani aliyekuwa akitafuta mabaki ya kale ya bonde hilo, alifika kwenye ukingo ule uliokatwa. Yeye pia alitarajia kukuta kipande cha gazeti au cha plastiki kitakachothibitisha kwamba nyumba ni ya karne ya 20. Hakukuta. Nyasi za paa zilipopimwa umri maabara kwa njia ya kaboni 14, majibu yalionyesha miaka 1,400 hivi.

Mahali hapo panaitwa Joya de Cerén, umbali wa kilomita 36 hivi kaskazini-magharibi mwa mji mkuu, San Salvador. Tangu 1993 pamo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, orodha ile ile yenye Tikal ya Guatemala na Chichén Itzá ya Meksiko. Lakini mgeni anayefika akitarajia piramidi, kaburi la mfalme au nguzo ya mawe yenye maandishi atavikosa vyote. Atakuta nyumba za wakulima, jiko, ghala, bafu la mvuke na alama za mashamba. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba udogo huo si upungufu wa kusamehewa. Thamani ya mahali pa kale hupimwa kwa maswali ambayo panaweza kuyajibu, wala si kwa urefu wa majengo yake. Na anayekikubali kipimo hicho hana budi kubadili pia namna anavyohifadhi: atatumia nguvu nyingi kulinda vitu dhaifu, na ataridhika kuacha sehemu kubwa ya hazina ikiwa imelala chini ya ardhi.

Tuanze na kile ambacho kwa kawaida husimuliwa. Wamaya hawakuwa taifa moja chini ya mfalme mmoja. Walikuwa watu wa miji mingi iliyojitawala, iliyoenea kutoka kusini mwa Meksiko, kupitia Guatemala na Belize, hadi magharibi mwa Honduras na El Salvador. Kipindi kinachosifiwa zaidi ni kile cha kati ya mwaka 250 na 900, wakati miji kama Tikal, Palenque na Copán iliposimamisha mahekalu makubwa na kuchonga nguzo za mawe. Maandishi ya nguzo hizo, ambayo wataalamu walifaulu kuyasoma kwa sehemu kubwa katika nusu ya pili ya karne ya 20, yanazungumzia kuzaliwa kwa wafalme, kutawazwa kwao, vita vyao na vifo vyao. Mkulima hatajwi. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, ikaoza, na kilichobaki kwa kawaida ni msingi wa chini, vigae vichache na jiwe la kusagia lililopasuka. Kwa hiyo historia ya Wamaya imeandikwa zaidi kutokana na yale ambayo wenye uwezo wa kuchonga mawe walitaka yakumbukwe, ilhali waliokuwa wengi mno kuliko wao, yaani waliolima, waliosaga na waliojenga, wamebaki kuwa umati usio na sura.

Joya de Cerén imeponyoka hatima hiyo kwa sababu ya volkano. Kabla ya kijiji kuwapo, mlipuko mkubwa wa volkano ya Ilopango ulikuwa umefunika sehemu ya kati na ya magharibi ya El Salvador kwa majivu mazito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 unauweka mlipuko huo mwaka 431. Watu walihama au kufa, na ilichukua vizazi kadhaa majivu yale kulainika na kuwa udongo wa kulimika. Wakulima wakarudi bondeni, wakaanzisha kijiji. Kisha, katika karne ya 7 au karibu nayo, ufa mdogo wa volkano unaoitwa Loma Caldera ulifunguka chini ya mto Río Sucio, mita 600 hivi tu kutoka kijijini. Mwamba ulioyeyuka ulipokutana na maji ya mto, ulilipuka kwa mvuke na kurusha majivu membamba, yenye unyevunyevu na uvuguvugu, ambayo yalijipenyeza kila mahali na kushika kila kitu kama kilivyokuwa. Vilifuata vipindi vya mawe ya moto yaliyotoboa mapaa na kuyachoma, kisha tena majivu. Tabaka 14 zilipishana hivyo hadi kijiji kikawa chini ya zaidi ya mita 4. Mlipuko wenyewe ulikuwa mdogo, hata vijiji vya mbali kidogo huenda havikudhurika, lakini pale ulipoangukia ulihifadhi vitu ambavyo katika nchi za joto huoza ndani ya miaka michache.

Uhifadhi wa namna hiyo unawapa watafiti uwezo wa kufikiri kwa usahihi usio wa kawaida. Mahindi shambani yalikuwa yamekomaa, na mashina yake yalikuwa yamekunjwa ili mahindi yakaukie hukohuko, kazi ambayo katika bonde hilo hufanywa karibu na mwezi wa Agosti. Vyombo vya chakula vilikutwa vimetumika na havijaoshwa, huku mikeka ya kulalia ikiwa bado imekunjwa na kuwekwa juu darini. Ukiunganisha dalili hizi, unapata jioni, baada ya kula na kabla ya kulala. Bata aliyefungwa kwa kamba alikutwa ndani ya ghala, na panya walikutwa kwenye nyasi za paa, lakini katika sehemu zilizochimbwa hakuna hata maiti moja ya binadamu iliyopatikana. Inaelekea watu walisikia ardhi ikitetema na mvuke ukivuma, wakakimbia na roho zao, wakaacha kila walichokuwa nacho. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya kijiji hiki na Pompeii ya Italia, ambayo watu hupenda kukifananisha nayo. Pompeii ni mji wa matajiri na watumwa unaokumbukwa kwa miili ya waliokufa. Joya de Cerén ni kijiji kinachokumbukwa kwa kazi za watu waliokuwa hai.

Na kazi hizo zinasema mengi. Kila familia haikuwa na nyumba moja yenye kila kitu ndani, bali ilikuwa na majengo kadhaa madogo: moja la kulala na kuzungumzia, jingine la kuhifadhia chakula na vyombo, jingine la kupikia. Kaya moja ilikuwa na vyungu, bakuli na mitungi ipatayo 70, idadi inayowashangaza waliozoea kuona vigae vichache tu katika mabaki ya nyumba za wakulima. Baadhi ya vyombo hivyo vilikuwa bakuli za rangi za aina inayoitwa Copador, inayohusishwa na eneo la Copán huko Honduras. Visu vyao vilitengenezwa kwa obsidiani, jiwe la kioo la volkano, lililotoka machimbo ya Ixtepeque nchini Guatemala, na vilichomekwa juu kwenye nyasi za paa, pengine ili watoto wasivifikie. Palikuwa na maharagwe ndani ya vyungu, pilipili, kakao, vibuyu vilivyopakwa rangi, shanga za jiwe la kijani. Kila kaya ilionekana kuzalisha kitu cha ziada cha kubadilishana: moja ilipamba vibuyu, nyingine ilitunza shamba la mikonge na kuchakata nyuzi zake. Taswira ya mkulima wa Kimaya aliyekamuliwa na wakubwa hadi akabaki na chungu kimoja haikubaliani na ushahidi huu.

Mashamba yanasema zaidi ya nyumba. Mmea uliofunikwa na majivu ulioza taratibu na kuacha tundu lenye umbo lake. Watafiti walimimina ndani ya matundu hayo plasta inayotumiwa na madaktari wa meno, wakaisubiri igande, kisha wakaondoa majivu. Wakapata mhindi, mpilipili au mche wa mkonge ukiwa na umbo lake kamili, mahali pale pale ulipopandwa. Mwaka 2007, kusini mwa kijiji, njia hiyo ilifichua jambo ambalo lilikuwa limebishaniwa kwa miongo mingi: shamba la mihogo. Wasomi waliwahi kudhani kwamba mahindi na maharagwe peke yake yasingeweza kulisha miji iliyosongamana ya Wamaya, na kwamba lazima muhogo uliongezea, ila hapakuwa na ushahidi, kwa sababu muhogo hauachi punje za kuungua wala maganda ya kudumu. Hapa palikuwa na matuta mapana yaliyopangwa vizuri, yaliyovunwa muda mfupi kabla ya mlipuko, na vipande vya mashina vilivyolazwa ndani yake tayari kuchipua. Mkulima wa Mtwara au wa Kilifi angeitambua kazi hiyo mara moja, na hilo si jambo la kubahatisha: muhogo, mahindi, maharagwe, pilipili na mapera yote yametoka Amerika, yakafika pwani ya Afrika Mashariki baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi. Mkonge wa Tanga nao, ulioletwa mwaka 1893 kwa njia ya Florida, ni ndugu wa mikonge ya aina ile iliyolimwa katika kijiji hiki. Watu waliokuza ujuzi wa mimea hii kwa maelfu ya miaka ni wakulima wa namna hii hii, wala si wafalme ambao majina yao tumeyahifadhi.

Ushahidi wa mashamba unaendelea hadi kwenye suala la nani aliamua nini. Matuta ya mihogo hayakufanana. Upande mmoja wa mpaka yalikuwa na upana na umbo fulani, upande wa pili umbo jingine, dalili kwamba kila mkulima alilima kwa akili yake bila kupokea amri moja kutoka juu. Kijijini palikuwa na jengo kubwa la udongo ulioshindiliwa, lenye mabenchi mawili mlangoni, ambalo inaelekea wazee walikutana humo kusuluhisha mambo. Palikuwa na jengo la sherehe lililohifadhi fuvu la paa dume lililopakwa rangi nyekundu na kuvaliwa kichwani katika ngoma za mavuno. Palikuwa na nyumba ya mpiga ramli, ambaye watafiti wanadhani alikuwa mwanamke. Palikuwa na bafu la mvuke lenye paa la kuba la udongo, lililotunzwa na kaya iliyokaa jirani nalo. Mwaka 2011 ikafichuliwa barabara iliyoinuliwa kwa majivu meupe yaliyoshindiliwa, yenye upana wa mita 2 hivi na mifereji pande zote mbili. Barabara za namna hiyo zinajulikana sana katika miji mikubwa ya Wamaya, ambako hujengwa kwa mawe na kuhusishwa na amri za watawala. Hapa wanakijiji walijitengenezea yao na kuitunza wenyewe. Mji wa wakubwa, San Andrés, ulikuwa umbali wa kilomita 5 hivi tu, na kwa hakika ulikuwa na nguvu zake, lakini ndani ya kijiji alama za mkono wake ni haba.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, nalo ni zito. Mtu anaweza kusema: hiki ni kijiji kimoja, chenye watu wasiozidi mia mbili au zaidi kidogo, kilichookolewa na ajali ya nadra, vipi kitumike kuwasemea mamilioni? Ni kweli kwamba ardhi ya bonde hilo ilikuwa na rutuba kubwa, na kwamba mkulima aliyekaa karibu na Tikal, ambako watu walisongamana, huenda aliishi kwa shida zaidi. Haitakuwa haki kuchukua vyungu 70 vya kaya moja na kuvigawa kwa kila kaya ya Wamaya. Lakini kazi ya ushahidi wa namna hii haiishii kwenye kuwakilisha. Kazi yake ya kwanza ni kutuonyesha ukubwa wa kile tunachokikosa kwingineko. Mtafiti anayekuta msingi wa chini na vigae kumi mahali pengine hana tena ruhusa ya kuandika kwamba hapo aliishi maskini, kwa sababu sasa anajua kwamba nyumba iliyojaa vibuyu, mikeka, kamba, vikapu, kuta za fito na maghala ya nafaka ingemwachia vigae hivyo hivyo kumi. Kijiji kimoja kilichohifadhika kinatosha kuthibitisha kwamba ukimya wa vijiji elfu moja hautokani na ufukara wao.

Wengine huuliza kama watu hawa walikuwa Wamaya kweli. Kijiji kipo kwenye ukingo wa kusini-mashariki wa eneo la Wamaya, mahali ambapo watu wa lugha mbalimbali walikutana, na hawakuacha maandishi ambayo yangetuambia walizungumza lugha gani wakati wa kula. Baadhi ya wasomi wanadhani huenda walikuwa na uhusiano na Walenca, majirani wao wa mashariki. Swali ni halali, lakini halidhoofishi hoja. Wanakijiji walitumia bakuli zilizotoka upande wa Copán, walipitia barabara nyeupe za mtindo wa Kimaya, walikata kwa visu vilivyotoka Guatemala, wakaoga mvuke kama ambavyo Wamaya wa nyanda za juu wanavyofanya mpaka leo. Kama walizungumza Kimaya nyumbani au hawakuzungumza, waliishi ndani ya ulimwengu wa Wamaya na waliujenga kwa mikono yao. Tena, ni watawala waliokuwa na haja ya kuandika nasaba zao kwenye mawe; mkulima wa mpakani angeweza kuwa na mashemeji wa lugha mbili na asione tatizo.

Sasa tuje kwenye uhifadhi, ambako hoja hii inadai gharama. Kuna ukweli mgumu kuhusu Joya de Cerén: majivu yaliyoangamiza kijiji ndiyo yaliyokilinda, na siku yanapoondolewa ndipo uharibifu unapoanza. Hekalu la mawe linaweza kusimama mvuani kwa karne nyingi likapoteza uso wake tu. Ukuta wa udongo ukinyeshewa hutepeta. Ukikauka haraka mno hupasuka. Unyevu ukipanda kutoka ardhini huleta chumvi inayoganda usoni mwake na kuumenya ganda kwa ganda. Wadudu huutoboa, kuvu huota juu yake, mizizi huusukuma ukuta uliokaa kwa amani miaka 1,400. Kwa sababu hiyo majengo yaliyochimbwa yamewekwa chini ya mapaa makubwa ya chuma, lakini mapaa hayo nayo huleta joto na mabadiliko ya hewa ambayo lazima yapimwe na kurekebishwa mwaka hadi mwaka. El Salvador pia ni nchi ya majanga: mwaka 1998 ilipigwa na mvua za kimbunga Mitch, Januari na Februari 2001 ikatikiswa na matetemeko mawili makubwa, na Oktoba 2011 baadhi ya maeneo yake yalipata mvua ya zaidi ya mita moja katika siku kumi hivi. Ukuta wa udongo hauna ubavu wa kushindana na hayo bila mtu anayeuangalia kila siku.

Kilichofanyika kwa busara ni kukiri kwamba tatizo hilo haliishi kwa tiba moja. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1980 hadi 1992, ambavyo vilikatiza uchimbaji kwa miaka karibu tisa, taasisi ya serikali iliyosimamia utamaduni wakati huo, CONCULTURA, ilishirikiana na taasisi ya uhifadhi ya Getty ya Los Angeles kuandaa mpango wa usimamizi uliochapishwa mwaka 2002. Umuhimu wa mpango huo upo katika utaratibu wake. Kwanza ulitaka watu wakubaliane kwa nini mahali hapa pana thamani, na kwa nani; ndipo uangalie hali halisi ya kila jengo; ndipo uamue hatua, mpangilio wake na msimamizi wake. Sehemu nyingi za kale duniani huharibiwa na watu wenye nia njema wanaoanza mwishoni: wanapaka dawa, wanamwaga saruji, wanajenga upya, kisha wanajiuliza walitaka kulinda nini. Hapa jibu liko wazi. Kinacholindwa ni uhusiano wa vitu: kisu ndani ya paa, maharagwe ndani ya chungu, chungu ndani ya ghala, ghala kando ya shamba. Ukikitoa kitu kimoja mahali pake bila kumbukumbu sahihi, umebaki na chungu cha kawaida ambacho makumbusho yoyote inacho.

Hapo linazuka swali la tatu: kama kijiji hiki ni hazina kubwa hivyo, kwa nini kisichimbwe chote? Majengo 18 yametambuliwa, lakini ni 10 tu yaliyochimbwa, mengine kwa sehemu. Wapo wanaoona huo ni uvivu au ukosefu wa fedha. Mimi naona ndiyo sehemu ya hekima zaidi ya kazi nzima. Majivu ni mlinzi asiyedai mshahara, na hakuna paa la chuma linalomshinda. Tena, maarifa ya kuchimba hukua. Waliochimba mwaka 1978 hawakujua kwamba kuna shamba la mihogo, na kama wangechimbua eneo lote kwa haraka wangelipita juu yake. Tangu mapema watafiti walitumia rada inayopenya ardhi ili kujua majengo yaliko bila kuyagusa, na mwanzoni chombo hicho kilivutwa polepole juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Kila jengo linalobaki chini ni swali lililohifadhiwa kwa mtu atakayekuwa na chombo bora na akili tulivu kuliko yetu. Kuacha kuchimba pale ambapo hatujawa tayari kulinda ni kazi ya uhifadhi kwa maana kamili ya neno hilo.

Pingamizi la mwisho ndilo linalostahili heshima zaidi, kwa kuwa linatoka kwa watu wenye njaa ya leo. Nchi iliyotoka vitani, yenye wananchi wanaohitaji maji, shule na zahanati, inapata wapi haki ya kutumia fedha kulinda kuta za udongo? Kwanza, tusidanganyane kwamba watalii watalipa kila kitu. Kijiji kidogo kisicho na piramidi hakitavuta umati kama Chichén Itzá, na umati wa namna hiyo ungekimaliza. Jibu lazima lisimame bila tiketi. Nyumba za Joya de Cerén zilijengwa kwa nguzo za udongo kwenye pembe na kuta za fito zilizofungwa na kukandikwa, na zilivumilia mtetemo wa ardhi. Mwaka 2001 maelfu ya nyumba za vijijini za El Salvador, nyingi za matofali mazito ya udongo usio na fito ndani, ziliwaangukia wenyewe. Ujuzi ulioweza kuokoa maisha ulikuwa umelala katika bonde hilo hilo. Vivyo hivyo shamba la mihogo linaeleza jinsi jamii ilivyojikinga na ukame kwa zao linaloweza kusubiri ardhini wakati mahindi yanapokauka. Kumbukumbu ya namna watu wa kawaida walivyoweza kula vizuri, kujenga salama na kujiamulia mambo yao ni sehemu ya mahitaji ya maskini, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kunyang'anywa.

Lipo pia suala la heshima, ambalo halihesabiki kwa fedha lakini lina nguvu katika siasa za kila nchi. Mtoto wa mkulima wa El Salvador anayefundishwa kwamba historia ya watu wake ni historia ya wafalme na mahekalu anajifunza, bila yeyote kusema, kwamba watu kama wazazi wake hawakuwahi kuwa na historia. Akiingia Joya de Cerén anaona jiko, jiwe la kusagia, ghala la maharagwe na shamba lenye matuta, vikiwa vimepewa ulinzi ule ule ambao dunia inaupa makaburi ya wakubwa. Anaona kwamba wanakijiji walikuwa na mahali pa kushauriana, walitunza njia yao na walichagua cha kulima. Kwa nchi iliyopigana vita vya miaka 12 kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya ardhi na nani ana haki juu yake, huo ni ushahidi wenye uzito wa leo.

Kwa hiyo funzo la mwaka 1976 halimhusu mtaalamu mmoja. Alihukumu kwa kipimo ambacho karibu wote tulikuwa nacho: cha kale ni cha mawe, na cha udongo ni cha juzi. Kipimo hicho kiliangamiza nyumba ambazo hatutazijua kamwe, na kinaendelea kuangamiza nyingine popote ambapo barabara, maghala na mashamba makubwa yanachimbwa bila mtu wa kuuliza nini kilichokuwa chini. Tunachopaswa kudai ni rahisi kusema na kigumu kutenda: kazi isimame ardhi inapofichua kitu kisichojulikana, umri upimwe kabla ya mtu kutoa hukumu, wakazi wa karibu wawe na sauti katika mpango wa ulinzi, na kichimbwe kile tu ambacho kuna uwezo wa kukitunza. Masharti haya yanahitaji uvumilivu kuliko utajiri. El Salvador, nchi ndogo iliyokuwa na visingizio vyote vya kushindwa, imeyatimiza kwa kiasi cha kutosha kuonyesha kwamba yanawezekana, na nchi zenye uwezo zaidi hazina udhuru.